Kamoto tu

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 anga la Goma liligeuka jekundu pyu. Tulikuwa tunakaa Mabanga Kusini. Majirani walikuwa wamesimama barabarani, shingo zote zimegeukia kaskazini, simu zinaita, watoto wanauliza maswali ambayo hakuna aliyeyajibu. Nyiragongo ilikuwa imepasuka. Niliingia ndani mbio kumwambia nyanya yangu mzaa mama. Huku kwetu ukisema "bibi" umesema mke wa mtu, kwa hiyo sisi tunasema koko.

"Koko, mulima inawaka!"

Akatoka polepole, akainua uso, akatazama kwa muda ambao mtu angemaliza Baba Yetu mara mbili. Kisha akasema:

"Ni kamoto tu."

Wasiojua Kiswahili cha Kivu wajue kwanza hii ka-. Sisi tunapunguza vitu kwa ka-, na vikiwa vingi kwa tu-. Mtoto mdogo ni kamutoto. Ukiwa na kiu ugenini unaomba tumayi, na maji yanapoitwa hivyo hata mtu bahili anaona aibu kukunyima. Kwa hiyo Koko alikuwa ameutazama mlima uliokuwa unamwaga mawe yaliyoyeyuka, akaupa kiambishi cha mtoto mchanga.

Nilimfuata chumbani nikiwa nimekasirika kidogo. Nikamkuta ameshachomoa mfuko wa plastiki uliokuwa chini ya godoro tangu 2002, wenye karatasi za kiwanja na vyeti vya ubatizo. Alikuwa amejifunga vikwembe viwili, kimoja juu ya kingine. Na miguuni alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba, yeye ambaye hata kanisani huenda na ndara.

"Si umesema ni kamoto tu?"

"Ndiyo," akasema, huku anakaza kamba. "Beba sufuria."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba Koko hakuwa anajipinga. Mlima huo umemfukuza mara tatu. Mwaka 1977 alikuwa mama kijana, na mtoto mgongoni, wakati ziwa la moto lililokuwa juu kileleni lilipomwagika lote kwa muda usiofika saa moja, uji wake ukiteremka kwa kasi ya gari. Mwaka 2002, mwezi Januari, moto ulikata mji katikati hadi ukaingia ziwani, ukafunika sehemu ya njia ya ndege pale uwanjani, na nyumba yake ya Murara ikabaki chini ya jiwe jeusi. Ukimwuliza habari za 1977 anasema mlima "ulikohoa". Ukimwuliza habari za 2002 anasema "tulipoteza vitu kidogo". Hivyo vitu kidogo ni nyumba ya vyumba vinne, cherehani na mbuzi wote.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni mtu wa aina nyingine kabisa. Anauza sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, na amezoea kupiga kelele tangu soko la Kituku hadi nyumbani. Sambaza wake wanaweza kuwa wamekaa tangu juzi, yeye atakuambia "ya leo-leo, mbichi-mbichi, inaruka!" Usiku ule alipita mbele yetu na beseni tupu kichwani akilia, "Mji imekwisha! Goma haiko tena! Tumekufa wote!" Nikamtazama Koko. Koko akasema, "Mama, jambo sana," kama wanavyosalimiana asubuhi kisimani.

Tuliondoka pamoja. Barabara ya kwenda Sake ilikuwa imejaa pomoni: pikipiki, magodoro, wazee wanaosukumwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, kama magunia ya viazi. Nilitembea katikati ya hao wanawake wawili karibu usiku kucha. Mmoja kila baada ya hatua kumi alikuwa anamaliza dunia. Mwingine alikuwa anasema mambo kama "kuna katu-vumbi leo". Lakini walikuwa wanakanyaga kwa mwendo uleule, na mizigo yao ilifungwa kwa fundo lilelile. Ungeziba masikio usingejua nani anatia chumvi na nani anaondoa.

Asubuhi moto ulikuwa umesimama upande wa Buhene, haukuvuka uwanja wa ndege. Tukarudi. Ardhi ikaendelea kutetemeka siku hadi siku, barabara zikapasuka, na Koko akaanza kulala na viatu.

Halafu ikaja alfajiri ya tarehe 27. Gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, na wetu ulikuwamo. Tangazo lilikuwa la Kifaransa, na majirani wasiokijua walinizunguka niwafasirie kwa sababu ndiye niliyemaliza chuo. Hapo ndipo nilipopata jasho. Tangazo lilisema kwamba kwa wakati huo haikuwezekana kuuondoa uwezekano wa mlipuko, wa nchi kavu au wa chini ya ziwa, na kwamba ungeweza kuja bila dalili au kwa dalili chache sana. Kifaransa cha serikali kinapenda kusema kwa kukanusha: hakuna anayesema "litatokea", wanasema haiwezekani kusema halitatokea. Ukiyatandika maneno hayo katika Kiswahili cha mtaani yanakunjuka yenyewe. Nilisema, "Wanasema inaweza kutokea." Yule aliyekuwa mlangoni akamwambia aliye nje, "Inatokea." Aliye nje akapeleka barabarani, "Ziwa inapasuka!" Ndani ya dakika chache nilisikia sauti ikitoka kwenye simu ya mtu, ya mwanamume asiyejulikana, akisema tuna nusu saa.

Siwalaumu. Kweli yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuhitaji chumvi ya mtu. Chini ya ziwa Kivu kuna hewa ya kaboni na methani nyingi iliyoyeyuka ndani ya maji, na wanaolijua ziwa wanakumbuka Nyos kule Kamerun, ambako tarehe 21 Agosti 1986 ziwa dogo lilitoa gesi usiku likaua watu zaidi ya 1,700. Letu ni kubwa mara nyingi. Ukishajua hilo, "haiwezekani kuondoa uwezekano" ni maneno ya baridi mno, na "ziwa inapasuka" ni ya moto mno, na sikuwa na neno la katikati la kuwapa watu wenye dakika tano za kuamua.

Kuna neno lingine la hapa ambalo hunishangaza kwa upole wake. Hewa hiyo ya kaboni hutoka ardhini pia, hukaa mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na mbuzi au mtoto akishuka pale hasimami tena. Tunaiita mazuku, na ukiuliza mazuku ni nini utaambiwa "ni upepo mubaya". Mubaya tu. Wakati huohuo kijana wa Birere akionja soda baridi atasema ni "tamu bibaya". Yaani kinachoua ni kibaya, na soda ni vibaya sana.

Tukahamia Sake, kama kilomita 25 hivi, pamoja na watu wengi kuliko mji huo mdogo ulivyoweza kubeba. Baada ya siku chache shirika moja la msaada likatafuta vijana wa kuuliza watu maswali. Nikachukuliwa. Nilipewa ubao wa kuandikia na fomu iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa, na kila swali lilikuwa na majibu manne: hapana, kidogo, sana, sana kabisa. Mtu akisema kidogo unazungushia namba 2. Akisema sana kabisa unazungushia 4. Rahisi.

Mtu wa kwanza alikuwa kijana mmoja aliyekuwa anatafuna andazi. Nikamwuliza, je, nyumbani kwenu mna shida ya chakula? Akapaza sauti ili na wenzake wasikie: "Mukubwa, tumekufa! Tumekwisha bibaya! Andika ile tumekwisha!" Nikaandika 4. Mafuta ya andazi yalikuwa yanametameta kwenye kidevu chake.

Mtu wa sita au wa saba alikuwa mzee, ameketi juu ya jiwe mbele ya darasa walilolala. Nikamwamkia, akanipisha nusu ya jiwe.

"Papa, muko na shida ya chakula?"

"Kidogo tu, mwana yangu."

"Kidogo?"

"Kidogo. Tunashukuru Mungu."

Nikaandika 2. Nikamshukuru, nikaondoka. Jioni nilipopita tena pale nikaona mafiga yao matatu. Hayakuwa na jivu jipya, jivu lililokuwepo lilikuwa limeganda kwa mvua ya juzi. Sufuria ilikuwa imelala kifudifudi, na juu ya kitako chake mtoto alikuwa amekaa, amenyamaza jii, hachezi. Nikahesabu: tangu mvua ile hapo hapajawashwa moto.

Niseme wazi, kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa la fomu. Mimi ndiye niliyelelewa na mwanamke anayeita volkano kamoto. Nilipaswa kujua kwamba mzee wa hapa akikuambia "kidogo" anakuwa amekupa heshima yako na kubaki na yake. Kulia njaa mbele ya mtoto wa mtu aliyekuja na ubao wa kuandikia ni kuvuliwa nguo. Kijana wa andazi naye hakuwa mwongo. Alikuwa amepoteza mji kwa mara ya pili ndani ya wiki moja na alikuwa anatumia neno pekee lenye ukubwa huo alilokuwa nalo mdomoni. Lakini kwenye karatasi yule alipata 4 na mzee akapata 2, na karatasi ndiyo inayogawa unga.

Nilipomweleza aliyekuwa msimamizi wetu akaniambia tunaandika kilichosemwa. Nilibishana naye hadi giza likawa totoro na nikarudi kulala sikuongeza kitu.

Aliyenielewa alikuwa mwenzetu mmoja Mtanzania, mtu wa Tanga, aliyekuja kusaidia upande wa hesabu. Alikuwa mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya nguo, na ukimwuliza habari anajibu "si haba". Siku ya kwanza nilimhurumia, nilidhani ana tatizo. Baadaye nikaelewa kwamba "si haba" ni jibu la mtu ambaye mambo yake yako vizuri ila hataki kijicho. Unakanusha uchache, wingi unaingia kwa mlango wa nyuma. Sisi tuna "haiko muchezo", ambayo ni ndugu yake, isipokuwa ile yetu inavunja mlango wa mbele.

Nilimnunulia sambaza wa kukaanga, nikamwambia, "Kaka, onja, hii ni mutamu bibaya." Akamrudisha samaki kwenye karatasi, akamgeuza, akamnusa.

"Vibaya vipi? Wameoza?"

Nilicheka nikamweleza. Naye akatafuna, akafikiri, akasema, "Kwetu tungesema tamu balaa."

"Balaa ni kitu mzuri?"

"Hapana," akasema, na hapo yeye mwenyewe akaanza kucheka. "Wengine wanasema tamu hatari."

Tukakaa kuhesabu. Balaa, hatari, noma, bibaya: kila mji umechukua neno la maafa ukalifanya kachumbari. Ndiye aliyenifundisha pia kwamba shuleni kwao kukuza mambo kunaitwa mubalagha, au kupiga chuku, nami nikamwambia kwetu Goma chuku tumeiongezea silabi tukaipandisha mizigo. (Ile chukudu. Hakucheka. Bado naona ilikuwa nzuri.) Na anayekuza mpaka akapitiliza sisi tunasema anasema bongo, neno ambalo kwa Mtanzania ni akili.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba maneno yake karibu yote yalitoka jikoni. Kutia chumvi. Kukoleza, kama rangi ya chai au viungo. Na kinyume chake akaniambia ni kuzimua, kama unavyoongeza maji kwenye kilichozidi ukali. Nikafikiria makayabo, wale samaki wa chumvi tunaokula huku. Hakuna mama wa Goma anayeweka makayabo motoni moja kwa moja. Wanalowekwa kwanza, maji yanamwagwa, wanalowekwa tena. Lakini pia hakuna mama anayeloweka samaki mbichi wa ziwani ili kuondoa chumvi ambayo hakuwa nayo. Fomu yetu ilikuwa inapika wote kwa namna moja.

Yule kaka naye aliliwa na kiambishi. Mchana mmoja niliona wingu jeusi tititi limekaa juu ya vilima vya Masisi, nikamwambia, "Kimvua kinakuja." Akaniambia ahsante, akaliacha koti la mvua kwenye gari, akatembea hadi mwisho wa kambi. Alirudi amelowa chepechepe, miwani mkononi, matope hadi magotini.

"Umeniambia kimvua!"

"Ndiyo. Kimvua."

"Kimvua ni mvua ndogo!"

"Ndogo ni kamvua."

Kwake ki- ni ya kupunguza: kitoto, kijito, kilima. Kwetu ki- ni ya kukuza, na mara nyingi ina kero ndani yake. Kimutu ni jitu, tena la kuogopesha. Tulikuwa tunazungumza lugha moja, tumesimama pamoja, na herufi mbili zilikuwa zinabeba mvua kwa pande mbili tofauti. Akakamua shati lake taratibu, akasema, "Si haba."

Yeye ndiye aliyepeleka hoja yangu juu, kwa maneno yake yaliyonyooka. Baada ya siku kadhaa ukurasa wa chakula ulibadilishwa. Hakukuwa tena na kidogo wala sana. Tuliuliza: jana mlipika mara ngapi? Mlipika nini? Nani hakula? Kijana wa andazi, nilipomrudia, alisema mara moja, mchana, maharagwe. Yule mzee alinyamaza. Akatazama mafiga. Ukimwuliza mtu "kiasi gani" unampa nafasi ya kuwa na adabu. Ukimwuliza "mara ngapi", adabu haina pa kukaa.

"Jana," akasema, "hatukupika."

"Na juzi?"

"Juzi pia."

Sikuzungushia kitu, nafasi ilikuwa ya kuandika sifuri.

Nimebaki na tabia hiyo, na si kwenye kazi tu. Motari, yaani dereva wa pikipiki, akiniambia "nafika, bado kidogo, niko hapa karibu", ninamwuliza anaona nini mbele yake. Dada yangu akiandika kwamba mtoto anaumwa "kidogo", ninauliza kama amecheza leo. Mtu akinyoosha midomo kuonyesha njia na kusema "kuleee", ninasikiliza urefu wa hiyo e, maana hapo ndipo kilomita zilipo. Sijawahi kukosea sana kwa hilo, ingawa miguu yangu ina mawazo mengine.

Nilidhani basi nimemaliza kumwelewa Koko: mtu wa kuzimua, unamwongezea chumvi mwenyewe, unapata kweli.

Mwaka 2023 tulipata wageni kutoka Butembo, watu wa upande wa mke wa mjomba, waliokuja kwa mambo ya mahari. Chai ikamwagwa, mikate ikakatwa, na kijana mmoja wao akauliza habari za volkano, kama ilitupata. Nikajiandaa kusikia "tulipata katu-vumbi". Koko akaweka kikombe chini. Akajiweka sawa kwenye kiti. Akasubiri hadi watoto wote wanyamaze.

"Kimoto," akasema.

Nikageuka kumtazama.

"Kimoto kilikuja. Anga ilikuwa damu. Damu! Mawe inateremuka kama mayi ya mutoni, inakula minyumba, inakula miti, inalia. Batu yote ya Goma barabarani, bote, hata bagonjwa ba hospitali. Mimi nilisema, bana bangu, leo tunakufa. Na kimoto kikakuja mupaka hapa." Akanyoosha mkono, akaelekeza kidole kwenye kizingiti cha mlango, pale ambapo mtoto wa jirani alikuwa ameacha ndara zake. "Mupaka hapa. Kikalamba mulango. Kikarudi."

Wageni wakashika vifua. Jirani yetu wa sambaza, aliyekuwa amealikwa, alikubali kwa kichwa kama shahidi wa mahakamani. Kutoka Buhene, moto uliposimama, hadi kizingiti hicho ni safari ya pikipiki ya kulipia.

Kijana wa Butembo akanigeukia mimi, msomi wa nyumba. "Yaya, ni kweli? Ilifika hapo?"

Koko alikuwa ameshainua tena kikombe chake, ananitazama juu ya ukingo. Miguuni alikuwa na ndara.

Nikasimama, nikaenda hadi mlangoni, nikaweka mguu hatua moja ndani zaidi ya pale alipoonyesha.

"Mupaka hapa," nikasema.